Droo Iliyobaki

Bawaba mbili za chuma, nyeusi kwa masizi, zilikuwa zimelazwa juu ya gazeti mezani kwa Mkuu wa Polisi wa mji wa Tillbrook, na Mkuu Hollis Gannett alikuwa akizitazama kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Zilipatikana jana yake katika pipa la kuchomea takataka nyuma ya karakana ya fundi seremala Roque Medeiros. Kwa Gannett kesi ilikuwa imekwisha. Kasha la kale la Bi Cornelia Stroud, lenye maua ya tulipu yaliyochorwa mwaka 1738, liliibwa Jumapili asubuhi mwenyewe akiwa kanisani. Fundi alikuwa na ufunguo wa nyumba. Fundi alidai alikuwa pwani, matopeni, akichimba kombe peke yake, na hakuna aliyemwona. Na bawaba za kasha ndizo hizo, zimetoka katika majivu yake. Leo saa nane mchana angesimama mbele ya hakimu.

Sajini Verity Crandall hakuwa amekaa. Alizigeuza bawaba kwa ncha ya kalamu, akatoa swali lililokuwa likimkera tangu jana.

"Mtu anaiba kitu ambacho makumbusho wanakitolea macho, halafu anakichoma moto siku ile ile. Kwa nini?"

"Aliingiwa na woga," alisema Gannett.

"Woga wa nini? Bi Stroud alitupigia simu saa sita na nusu. Jirani aliona moshi kwa Medeiros saa tano. Kasha lilichomwa kabla hata mtu yeyote hajajua kuwa limeibwa."

Gannett akashusha pumzi. "Crandall, wewe ukiletewa yai la kukaanga utauliza kuku alikuwa na mawazo gani."

Hata hivyo hakumkatalia. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu kasorobo. Alimpa mpaka saa nane, akamwambia kwamba baada ya hapo asimsikie tena akilitaja kasha hilo, iwe ofisini au kwenye foleni ya kahawa.

Nyumba ya Bi Stroud ilikuwa ya mbao, nyeupe, imesimama upande wa juu wa uwanja wa mji, na bomba moja nene la moshi lilichomoza katikati ya paa. Ilijengwa wakati Massachusetts bado ni koloni la Mwingereza. Lakini marehemu Bwana Stroud alikuwa mtu wa mambo mapya. Miaka ya sabini aliifunika sakafu nzima kwa zulia la rangi ya chungwa, akaziba meko kwa matofali, akabandika ukutani karatasi zenye maua makubwa kama masufuria. Alipofariki, mjane wake alikata shauri kuirudisha nyumba katika enzi zake. Mwaka mzima walikuwa wakibandua. Jumamosi hii milango ingefunguliwa, watu wa mji waje kuangalia.

Bi Stroud, mwanamke wa miaka sabini na minne, mrefu, aliyevaa raba na sweta lenye madoa ya rangi, alimpokea Verity mlangoni na kumshika mkono kama mtu anayemvuta asikose treni. Huzuni ya kasha alikuwa nayo, lakini nyumba ilikuwa imemjaa kichwani na hakuweza kuinyamazia. Alimwonyesha ukuta uliopakwa rangi ya haradali, mbao za ukutani zilizopigwa randa moja moja, meko lililofunguliwa tena na kuwekwa ndoano ya kuning'inizia sufuria. Alimwonyesha sakafu ya misonobari, mbao pana kama meza, zilizokuwa zimelala gizani chini ya zulia la marehemu kwa miaka hamsini.

"Mwanangu, siku Roque alipong'oa pembe ya lile zulia nikaiona hii sakafu, nililia," alisema. Kisha akakumbuka Roque yuko wapi sasa, akamvuta Verity mbele.

Walifika pale kasha lilipokuwa limesimama, kati ya madirisha mawili ya sebule. Lilikuwa la Mercy Lovell, bibi wa mabibi zake, aliyepewa na baba yake siku ya kuolewa. Herufi za jina lake zilichorwa mbele, chini ya maua mekundu. Bi Stroud alieleza kwamba chumba hiki chote kilipangwa kwa ajili ya kasha. Mpambaji wake, Bwana Lyman Pell, ndiye aliyechagua haradali ili ule wekundu uwake. Keshokutwa, Alhamisi, mtaalamu wa makumbusho ya Boston alikuwa aje kulikagua, maana Bi Stroud alikusudia kuwaachia katika wosia.

Verity akauliza nani alijua juu ya ujio huo. Wote walijua, akajibiwa. Pell, Roque, hata mwenye duka la mikate.

Alizunguka nyumba nzima chumba kwa chumba, akiandika. Katika chumba cha cherehani alikuta rundo la vitambaa vilivyokatwa mikanda, vya kusukia zulia la duara. Rundo lilimfika magotini. Alipoinamisha mkono kusogeza mikanda apite, vidole vyake viligonga ubao. Akafukua. Ilikuwa droo ndefu, pana, na upande wake wa mbele ulikuwa na tulipu mbili nyekundu.

Aliivuta mikanda ya mwisho pembeni.

"Bi Stroud," aliita, akijitahidi sauti isipande. "Hii ni nini?"

"Droo ya kasha. Ile ya chini." Bi Stroud alisimama mlangoni, akashangaa kuona mshangao wa mwenzake. "Niliichomoa wiki mbili zilizopita niwekee vitambaa. Hakuna aliyeniuliza habari ya droo. Mliniuliza kasha."

"Kwa nini uliichomoa?"

"Ilikuwa inakwama. Maisha yangu yote haijawahi kukwama, ikafika mahali Roque akaja kuitazama, hakupata dawa. Nikachoka kuvutana nayo."

"Ilianza kukwama lini?"

Bi Stroud akafikiri. Ilianza mwezi wa nane mwishoni, kasha liliporudi. Kwa sababu ya vumbi la kuta, Pell alilichukua akalitunza kwake wiki sita. Tangu lirudi, droo ikawa hivyo. Pell alisema ni unyevu.

Verity akavaa glavu na kuigeuza droo chini juu. Chini yake palikuwa pa kahawia iliyokolea, pazee kwa kutazama. Alipitisha kidole, kikateleza kama juu ya kioo. Kulikuwa na michirizi hafifu iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama mapinde yaliyopangwa. Hakujua maana yake. Alijua tu kwamba mwizi wa Jumapili lazima aliliona lile pengo kwenye kasha.

"Tangu Jumapili kuna mtu aliyekuja hapa akaingia vyumbani?"

"Nani aje? Polisi. Na Lyman, jana, kuja kunipa pole. Akapita kila chumba, ati apime mapazia."

"Mapazia hayakuwa yamepimwa?"

Bi Stroud alifungua mdomo kujibu, akageuka polepole akatazama dirisha la chumba kile. Pazia jipya la kitani lilikuwa limening'inia hapo tangu mwezi wa tano.

Verity alipiga picha droo pande zote, akaifunga kwenye plastiki, akamwomba Bi Stroud atie sahihi, na kumsihi asimwambie mtu hata mmoja kuwa imeonekana. Aliibeba mikononi mpaka garini.

Roque Medeiros alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha mahabusu, mikono katikati ya magoti. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, mabega ya mtu aliyebeba mbao tangu ujana, na tangu akamatwe alikuwa amesema maneno yanayoweza kujaa kwenye kiganja. Verity aliiweka droo kwenye meza ya chuma, chini juu, akamsukumia kikombe cha kahawa.

Fundi hakuigusa kahawa. Alitazama ule ubao, kisha akamtazama Verity, na uso wake ukawa wa mtu aliyeshikwa pabaya.

"Umeshaiona hii," Verity alisema.

"Nimeiona."

"Niambie ulichoona."

Verity alimsogezea kikombe karibu zaidi. Nje, karani alikuwa akipiga mhuri karatasi, moja baada ya nyingine.

"Sajini, mimi niliahidi kutosema," alisema Roque hatimaye. "Yule mama ni mtu mzima. Si vizuri kumuumbua."

"Bi Stroud? Kumuumbua kwa nini?"

"Kwamba anaonyesha watu kasha la bandia."

Verity akaketi. Alimwambia taratibu, neno kwa neno, kwamba Bi Stroud hajui habari ya bandia yoyote; kwamba anaamini lililochomwa ndilo kasha la Mercy Lovell, na amelilia tangu Jumapili. Roque alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akainuka, na kwa mara ya kwanza alizungumza kama fundi aliye kazini kwake.

Alimwonyesha ile michirizi iliyopinda. Hiyo, alisema, imeachwa na msumeno wa duara, wa mashine. Mwaka 1738 msumeno wa namna hiyo haukuwako katika nchi hii. Mbao zilipasuliwa kwa msumeno uliokwenda juu na chini, na alama zake hunyooka. Halafu ubao ulilainishwa kwa randa ya mkono, na sehemu isiyoonekana hakuna aliyejisumbua kuimaliza, kwa hiyo ukipapasa chini ya kitu cha kale unasikia mawimbi, kama mchanga maji yakitoka. Huu hapa umepita mashineni na kupakwa chai na vumbi.

"Bi Stroud aliniita niitazame kwa kuwa inakwama. Nikaigeuza, nikaona. Nikamwendea Bwana Pell, kwa maana kasha lilikuwa limetoka kwake. Akaniambia la kweli liko benki, chumba cha chini, mama mwenyewe anajua ila anaona aibu watu wajue. Akanishika bega. Akasema, 'Roque, usimwaibishe mama wa watu.' Basi nikafunga mdomo."

"Hii ilikuwa lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Na pipa lako la takataka, nani anajua liko wapi?"

Roque akacheka bila furaha. "Pell ananiletea mabaki ya mbao zake nimchomee kila mwezi. Na ufunguo wa nyumba ya mama anao kama mimi."

Verity alikuwa amesimama tayari. Mambo yote yalikuwa yakimjia kwa pamoja na ilimbidi ayapange moja moja. Jumapili ile kasha la bandia lilikuwa na siku nne tu za kuishi, maana Alhamisi jicho la mtaalamu lingelipasua. Tena kulikuwa na fundi mmoja aliyekwisha kuligundua. Moto mmoja ulitosha kumaliza yote mawili: kasha liwe majivu, na fundi awe mwizi ambaye hakuna atakayemwamini akisema lilikuwa bandia.

Alimpigia Gannett simu kutoka koridoni. Mkuu alisikiliza, akaguna, akasema jambo ambalo Verity alilitarajia.

"Kwa hiyo aliiba la bandia. Wizi ni wizi, Crandall. Au labda yeye ndiye aliyelibadilisha. Si ni seremala? Niletee kasha la kweli, hapo tutaongea."

Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Verity alirudi mahabusu, akamuuliza Roque swali moja tu: angekuwa na kitu kama kile, angekificha wapi?

"Si ghalani," alijibu fundi bila kufikiri. "Si chini ya nyumba wala kwenye kontena. Mti wa miaka karibu mia tatu, ukiutia penye unyevu kisha penye joto, unapasuka. Lazima likae ndani, chumba wanamokaa watu. Na asingeliweka mbali naye. Siku alipokuja kulichukua mwezi wa saba nilimsaidia kubeba. Alilishika kama mtoto mchanga."

Duka la Lyman Pell lilikuwa nyumba nzima, upande wa pili wa uwanja, na kila chumba kilipambwa kama watu wa makoloni ndio kwanza wametoka kwenda shambani. Wateja waliruhusiwa kupita, kukaa vitini, kufungua makabati. Pell mwenyewe, mwembamba, nadhifu, mwenye miwani ya duara, alikuwa akipanga sahani za bati juu ya rafu. Alimpa Verity pole ya kazi, akauliza kwa upole hali ya Bi Stroud, akatikisa kichwa kumhusu Roque.

Verity alisema amekuja kumsumbua kwa elimu yake. Mahakamani wataulizwa kitu cha kale kinatambuliwaje, na yeye hajui hata pa kuanzia. Hilo lilikuwa kweli tupu mpaka saa moja iliyopita.

Pell aliwaka uso. Alikuwa mwalimu mzuri. Alimchukua kwenye meza ya duara, akatoa futi ya utepe na kumpimisha: upande huu, kisha upande ule. Meza ya kale, alimweleza, haibaki duara, kwa kuwa mti husinyaa kukata nyuzi zake na hausinyai kwa urefu. Hii ililingana pande zote, mpya. Akamgeuzia kiti, akamwonyesha jinsi mguu unavyolika pale visigino vya watu vinapokaa. Verity alijikuta anafurahia kweli. Aliuliza, akapima, akapapasa, akaandika. Vyumba vya chini vyote vilikuwa na nakala, na Pell alisema hivyo wazi, bila haya. Kazi yake ni kutengeneza nyumba ionekane, alisema, si kuuza vya kale.

Walipanda ghorofani. Chumba cha kulala kilikuwa na kitanda cha nguzo nne chenye pazia jeupe, zulia la vitambaa, gurudumu la kusokotea sufu. Miguuni mwa kitanda palikuwa na kasha. Lilipakwa rangi moja, ya buluu iliyofifia, na juu yake mifarishi minne imekunjwa vizuri. Chini lilikuwa na droo moja ndefu.

Verity alikaa juu ya mfarishi kama mteja aliyechoka ngazi. Alitazama dirishani ili asitazame chini.

"Hili nalo zuri," alisema. "Nalo la zamani?"

"Hilo? Hapana. Karakana yangu ililitengeneza masika. Mbao za dukani, rangi iliyochanganywa na maziwa, basi."

"Jipya kabisa."

"Jipya kabisa."

"Dada yangu amehamia nyumba mpya na chumba chake cha kulala kiko kitupu. Unaweza kuniandikia kwamba ni jipya? Ni mtu wa maswali."

Pell alisita kidogo sana, muda wa mtu kurekebisha miwani. Halafu alichukua kadi yenye jina la duka, akaandika kwamba kasha la buluu la chumba cha juu ni kazi mpya ya karakana yake, akatia sahihi na kusema kwamba kwa bahati mbaya lenyewe halitoki, ni la maonyesho, lakini dada anaweza kutengenezewa jingine. Verity aliisoma kadi, akaitia mfukoni. Kisha akapiga goti moja na kuingiza mkono chini ya kasha.

Mawimbi. Yalipita chini ya vidole vyake moja baada ya jingine, mapana, laini.

Alivuta droo. Ilitoka kwa kidole kimoja, bila kukwaruza.

"Sajini," alisema Pell, "naomba usi..."

Lakini duka lilikuwa wazi na makabati ni ya kufunguliwa, na Verity alikuwa ameshaigeuza droo juu ya kitanda. Alama za msumeno zilikuwa zimenyooka, hazilingani, kama mvua ya upepo. Nyuma ya droo, mahali pasipofika jicho wala brashi ya buluu, kulikuwa na mikwaruzo midogo iliyopangwa, mmoja juu ya mwingine. Alihesabu. Akatoa simu, akampigia Bi Stroud, macho yake yasiondoke kwa Pell.

"Bi Stroud, nijibu tu nitakachouliza. Ulipokuwa mtoto uliwahi kuliharibu lile kasha?"

Verity alisikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Nani amekwambia?" Sauti ilikuwa ndogo. "Sikuwahi kumwambia mtu. Tulikuwa tunakwenda kwa bibi kila kiangazi. Siku ya kuondoka nilichomoa droo ya chini nikachora mstari kwa kibanio cha nywele, nyuma, asione. Kila kiangazi mmoja."

"Ni mingapi?"

"Tisa. Mwaka wa kumi bibi hakuwepo tena."

Mistari ilikuwa tisa. Verity alimshukuru, akakata, akampigia Gannett. Alimwomba askari wawili na hati ya upekuzi, akasema yeye hatabanduka karibu na kasha mpaka wafike. Alizungumza kwa utulivu, mkono mmoja juu ya droo.

Pell alikuwa ameketi kwenye kigoda cha gurudumu la sufu. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la fulana, hakuivaa tena. Verity alimsomea haki zake na kumwambia halazimiki kusema neno. Alikubali kwa kichwa, na bado alisema.

"Nimepamba nyumba arobaini katika jimbo hili. Arobaini, Sajini. Zote kwa vitu vya kuigiza. Nilitaka kuamka asubuhi nione kimoja cha kweli." Akatazama ile buluu. "Nililipaka nta kwanza, mara tatu. Rangi haijagusa ua hata moja. Mwambie Cornelia."

"Na Roque? Yeye ulimpaka nini?"

Pell alikunja miwani, akaitia mfukoni.

Saa nane kamili, mwendesha mashtaka wa wilaya alisimama na kuomba shauri dhidi ya Roque Medeiros liondolewe. Ilichukua dakika nne. Gannett, aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma na koti lake magotini, alimwambia Verity wakati wa kutoka kwamba bado anaamini kuku huwa hawana mawazo, ila ataanza kuwachunguza. Kutoka kwake hiyo ilikuwa nishani.

Bi Stroud hakuja mahakamani. Alituma neno kwamba hajui atamtazamaje Roque usoni.

Walikutana Alhamisi, saa nne asubuhi, katika chumba cha vielelezo kituoni. Kasha liliwekwa juu ya meza mbili zilizounganishwa, limepigwa picha na kuandikishwa. Mtaalamu wa makumbusho, mwanamke mfupi mwenye taa ndogo kipajini, alilikagua saa nzima. Hatimaye alieleza kwamba nta iko kweli. Akisaidiwa na maji ya uvuguvugu na kibanzi cha mti, buluu itatoka yote. Lakini pale mbele, kwenye herufi za Mercy Lovell, alitaka mtu wa pili mwenye mkono usiotetemeka na anayeijua mbao.

Bi Stroud alikuwa amesimama ukutani na mkoba wake. Alisema mtu huyo yuko hapo nje, anatia sahihi arudishiwe ufunguo na mkanda wake, vilivyobaki kituoni tangu Jumanne.

Roque aliingia akiwa bado anafunga mkanda. Aliliona kasha, akasimama. Bi Stroud alimwendea, mrefu kama alivyo, akaonekana kama mtu asiyejua mikono yake aiweke wapi.

"Jumapili nilitaja jina lako," alisema. "Polisi walikuwa hawajaniuliza. Mimi ndiye niliyelitaja."

"Najua. Walinisomea maelezo yako."

"Mwaka mzima umekula mezani kwangu, Roque."

Fundi alikunja mikono ya shati, akanawa kwenye beseni, akachukua kibanzi kutoka kwa mtaalamu na kukipima uzito vidoleni. Verity, aliyepaswa kuwa ghorofani akiandika ripoti yake, alishikilia mlango na hakuondoka.

"Kuna giza upande huu," Roque alisema. Akaokota taa ya mezani, akamnyooshea Bi Stroud. "Nishikie hapa. Karibu zaidi. Usitikise."

Bi Stroud aliweka mkoba sakafuni, akaishika taa kwa mikono miwili. Roque alilaza kibanzi juu ya buluu, akasukuma kidogo tu, na ganda la rangi likajikunja na kuinuka zima zima kama ngozi ya kitunguu. Chini yake palikuwa pekundu.

"Endelea," alisema Bi Stroud, na taa haikutikisika.

Verity alivua koti, akakunja mikono ya shati, akauliza kama kuna kibanzi cha tatu.